Foleni Tatu, Ugonjwa Mmoja

Tuanze na hesabu, hadithi itafuata. Kuna uvimbe wa ubongo unaoitwa kraniofaringioma. Vitabu vya udaktari vinasema kwamba kila mwaka, kati ya watu milioni moja, wanaogunduliwa kuwa nao ni kati ya nusu mtu na watu wawili. Nusu mtu ni lugha ya watakwimu, usishtuke. Maana yake ni mtu mmoja katika kila milioni mbili. Ndiyo maana unaitwa ugonjwa adimu. Mwanafunzi wa udaktari anausoma usiku wa kuamkia mtihani kisha anausahau, kwa sababu wodini kunamngoja malaria, TB, kisukari na ajali za bodaboda.

Sasa chukua sensa ya 2019. Wakenya tulihesabiwa tukawa 47,564,296. Piga hesabu. Unapata kati ya watu 24 na 95 kila mwaka. Nairobi peke yake, yenye watu milioni 4.4, inapata kati ya wawili na tisa. Kama unapenda picha, chukua matatu za abiria 14: kwa hesabu ya chini, wagonjwa wapya wa mwaka mmoja wanajaza karibu mbili; kwa hesabu ya juu, karibu saba. Na kati ya thuluthi moja na nusu ya abiria hao ni watoto.

Mimi hupenda historia, na swali lililonifanya nianze kusoma kuhusu huu uvimbe ni swali la historia: hao watu huwa wako wapi? Matatu saba za watu haziwezi kupotea kila mwaka bila mtu kuuliza. Jibu nililopata ni kwamba hawajapotea. Wako kwenye foleni. Tatizo ni kwamba mtu mmoja anapigishwa foleni tatu tofauti, na hizo foleni hazijuani.

Namjua mmoja wao. Ni mdogo wangu. Nitamtaja tu pale historia inapomgusa, maana historia yenyewe ni ndefu kumliko.

*

Kwanza ujue uvimbe unakaa wapi. Weka kidole kimoja katikati ya nyusi zako, kingine juu tu ya sikio. Vuta mstari wa moja kwa moja kutoka kila kidole kuingia ndani. Pale mistari inapokutana, karibu kabisa na katikati ya kichwa, kuna kishimo kidogo kwenye mfupa wa sakafu ya fuvu. Wataalamu wa zamani waliona kinafanana na tandiko la farasi la Kituruki, wakakipa jina hilo kwa Kilatini. Juu ya tandiko hilo imekaa tezi ya pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya minji, uzito wake karibu nusu gramu.

Hiyo punje ndiyo inayoamuru mtoto arefuke. Inaiambia tezi ya shingoni ifanye kazi, inaziambia tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni ya kukabili homa na mshtuko, inaamua mwili ubalehe lini, na inatoa homoni inayozuia maji yasitoke yote kwa mkojo. Juu yake tu, neva mbili za macho zinakutana na kupishana. Juu zaidi kuna sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, kiu, usingizi na joto la mwili. Mtaa mdogo sana, wapangaji wakubwa sana. Fikiria ofisi za Kenya Power, kampuni ya maji, wizara ya elimu na kituo cha polisi, zote kwenye chumba kimoja cha mabati. Moto ukiwaka hapo, mtu wa mbali ataona stima zimepotea, mwingine ataona mfereji umekauka, na kila mmoja atapigia simu ofisi yake.

Uvimbe wenyewe si saratani kwa maana ya kusambaa mwilini. Hukua polepole. Ubaya wake ni mahali unapokaa. Na asili yake inashangaza zaidi: mtoto akiwa tumboni, wiki chache tu baada ya mimba kutungwa, sehemu ya paa la kinywa hujikunja na kupanda juu kwenda kukutana na ubongo. Hapo ndipo sehemu ya mbele ya pituitari inapotengenezwa. Njia iliyopitiwa inatakiwa ifutike. Mara chache sana, seli kadhaa zinabaki njiani, na miaka baadaye zinaanza kukua. Ni seli ndugu na zile zinazojenga meno. Ndiyo maana uvimbe wa watoto mara nyingi huwa na vipande vya chokaa vigumu kama jino, pamoja na majimaji meusi ambayo madaktari wenyewe huyafananisha na oili ya injini. Ile ambayo fundi wa gari pale barabarani anaimwaga kwenye debe, hiyo hiyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kiko ndani kuliko nguo.

*

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kazi ya hiyo punje. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, aliamini ubongo hutoa kamasi na kwamba kamasi hiyo hupitia hapo ikishuka puani. Jina pituitari linatokana na neno la Kilatini la kamasi. Andreas Vesalius, aliyechora mwili wa binadamu upya mwaka 1543, hilo aliliacha kama alivyolikuta. Ilibidi tufike karne ya 17 ndipo wasomi kama Conrad Schneider na Richard Lower waonyeshe kwamba kamasi haitoki kwenye ubongo. Punje ikabaki bila kazi inayojulikana.

Mwaka 1838, Mjerumani Martin Rathke akaeleza ile njia ya kiinitete inayopanda kutoka kinywani. Mwaka 1857, Friedrich Albert von Zenker akaona kwenye pituitari seli zinazofanana na za ngozi, mahali ambapo seli kama hizo hazikutarajiwa. Mwaka 1886, huko Paris, Pierre Marie akaeleza ugonjwa wa watu wazima wanaokua mikono, miguu na taya. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake. Mmoja anasoma viinitete, mwingine anatazama maiti, mwingine anapima viatu vya wagonjwa.

Aliyeunganisha vipande kwa mtoto aliye hai ni Alfred Fröhlich wa Vienna. Mwaka 1901 aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14. Kichwa kilimuuma, alitapika, macho yalikuwa yanafifia, alikuwa amenenepa haraka, na mwili wake haukuonyesha dalili ya kubalehe. Mambo manne ambayo kila moja lina daktari wake. Fröhlich akasema yana anwani moja, karibu na pituitari. Kumbuka hakuwa na mashine ya kupiga picha ndani ya ubongo. Alikuwa na mvulana mmoja na maswali ya kutosha. Miaka sita baadaye, 1907, daktari wa upasuaji Anton von Eiselsberg alimpasua mvulana huyo kupitia njia ya pua na kukuta uvimbe wenye majimaji.

Mwaka huo huo wa 1901 una maana nyingine hapa kwetu. Ndio mwaka ilipoanzishwa Nairobi hospitali ya Waafrika, Native Civil Hospital, yenye vitanda 40. Mji wenyewe ulikuwa kambi ya reli, reli ilikuwa imefika miaka miwili tu kabla. Kangemi ilikuwa mashamba nje ya mji. Hospitali hiyo ya vitanda 40 ikaja kuitwa King George VI, na baada ya Uhuru ikawa Kenyatta National Hospital. Kwa hivyo, mwaka ambao mtu wa Vienna alikuwa anaunganisha macho, kimo na kichwa cha mtoto mmoja, Nairobi ilikuwa inatandika vitanda vyake vya kwanza. Nasema hivi ili tuone umbali ulioanza siku hiyo, na ambao tumekuwa tukiufukuzia tangu hapo.

Mwaka 1904, Jakob Erdheim, naye wa Vienna, alitazama uvimbe huu kwa darubini na kueleza kwamba unatokana na mabaki ya ile njia ya kinywani. Mwaka 1909, A. E. Halstead alifanya upasuaji wake Chicago. Jina kraniofaringioma, yaani uvimbe wa fuvu na koo, lilipata umaarufu mwaka 1932 kupitia Harvey Cushing, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa upasuaji wa ubongo. Cushing alikuwa amepasua uvimbe wa kila aina, na huu ndio aliouona kuwa mgumu kuliko yote. Unaweza kuufikia, lakini ukiuvuta unakuja na kitu ambacho mgonjwa anakihitaji.

*

Usidhani Afrika Mashariki watu walikuwa wamekaa tu wakingoja Vienna. Kwa Abagusii, mpasua kichwa alikuwa na jina na heshima yake: omobari omotwe. Mtu aliyegongwa kichwa na kuumwa kwa muda mrefu alipelekwa kwake. Omobari alifungua ngozi, akakwangua mfupa taratibu mpaka afike chini yake, akaacha utando wa ubongo bila kuutoboa. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Canada aliyesimamia hospitali ya Mathari miaka ya 1950, aliuandikia ulimwengu kuhusu kazi hiyo. Mwaka 1985 ikachapishwa makala nyingine katika jarida la madaktari wa upasuaji. Kilichowashangaza wageni ni kwamba wagonjwa wengi waliishi.

Hata hivyo, omobari aliingilia juu. Uvimbe huu uko sakafuni, chini ya ubongo wote. Kichwa kinachouma kwa sababu yake kingeweza kukwanguliwa na bingwa na bado kiume, kwa sababu chanzo kiko mbali na mfupa unaokwanguliwa. Hapo omobari na mabingwa wa Ulaya wa kabla ya 1900 walikuwa sawa: wote walijua kufungua, na hakuna aliyejua wapi pa kutazama.

Upasuaji wa ubongo wa hospitalini ulishika mizizi Kenya kuanzia miaka ya 1960, alipofika Mwitaliano Renato Ruberti. Kisha akaja Jawahar Dar kutoka India, na Gerishom Sande, aliyesomea Belfast na kuwa Mkenya mwenyeji wa kwanza kubobea katika kazi hiyo. Jirani zetu Uganda, Ian Bailey alianzisha kitengo Mulago mwaka 1969, na Jovan Kiryabwire akawa Mganda wa kwanza katika fani hiyo. Angalia hizo safari: Belfast, India, Italia. Kwa miaka mingi, mtu wa hapa akitaka kujifunza kufungua kichwa kwa njia ya hospitali ilibidi apande ndege. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuja kuanza kuwafundisha nyumbani, Profesa Nimrod Mwang'ombe akiwa mmoja wa walioisukuma kazi hiyo.

Picha nayo ilikuwa na safari yake. Mwaka 1956, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Hapo alianza kujiuliza jinsi ya kutumia eksirei kutoka pande nyingi kujua kilicho ndani ya mwili bila kuupasua. Hesabu zake zilikaa miaka bila mtu kuzijali. Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kumjua Cormack, akajenga mashine, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo London. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwa hivyo siku utakapolala kwenye ile mashine ya CT yenye umbo la mandazi yenye tundu, ujue sehemu ya wazo lake ilizaliwa katika hospitali ya Afrika.

*

Sasa nije nyumbani. Kangemi inakaa kando ya Waiyaki Way, ukishapita Westlands na James Gichuru, kabla ya Uthiru. Tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alipokuja kanisa la St. Joseph the Worker, mdogo wangu alikuwa na miaka mitano. Nilimbeba mabegani. Aliliona gari kabla yangu, akalionyesha kwa kidole.

Mwaka 2021 alikuwa na miaka 11, na mpira ukitoka upande hauoni mpaka umpige. Shuleni wakamketisha mbele. Hiyo ndiyo foleni ya kwanza, ya macho: akaambiwa avae miwani, tukachanga, akavaa, na bado akawa anagonga mlango kwa bega.

Foleni ya pili ilikuwa ya kichwa na kutapika asubuhi. Katika kliniki moja, ambayo sitaitaja, alipimwa taifodi mara tatu na mara tatu akapewa dawa. Kwa haki ni kwamba taifodi ipo mtaani, na maji yetu tunayajua.

Foleni ya tatu ilikuwa ya kiu. Nyumbani kwetu maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, kwa hivyo kila mtu anajua kiasi anachokunywa mwenzake. Mathe alianza kununua mtungi wa ziada na hakuelewa unaenda wapi. Mtoto alikuwa anaamka usiku mara nne, anakunywa kikombe baada ya kikombe, anakojoa, anarudi kunywa. Majirani wakasema ni kisukari. Akapimwa sukari, ikawa sawa. Basi, hana kitu, rudini nyumbani.

Na kulikuwa na jambo la nne ambalo halikuwa hata na foleni: hakuwa anakua. Watu waliona ni mfupi kama babu. Mtoto mfupi hapelekwi hospitali.

Aliyefunga huo mzunguko alikuwa ofisa wa kliniki ya macho, dada mmoja ambaye hakuwa na haraka siku hiyo. Alimwambia mdogo wangu amtazame puani bila kugeuza macho, kisha akaleta vidole kutoka pembeni, kulia na kushoto. Mtoto hakuviona mpaka vilipofika karibu na katikati, pande zote mbili. Zile neva zinapokutana juu ya pituitari, nyuzi zinazoleta picha ya pembeni ndizo zinazopishana, na uvimbe ukizisukuma, mtu anabaki anaona kama punda wa mkokoteni aliyefungwa vizibo. Dada huyo alijua hilo. Lakini alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya nimkumbuke Fröhlich nilipokuja kumsoma.

"Mama, hiki kiatu amevaa tangu lini?"

"Tangu gredi ya tatu, daktari."

"Na sasa?"

"Yuko gredi ya tano. Kiatu bado kinamtosha."

Akanyamaza kidogo. "Maji anakunywa aje?"

Mathe akaanza kueleza habari ya mtungi, na yule dada akaweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Akaandika barua ya rufaa yenye mistari mitano. Dalili zote nne zilikuwa kwenye ukurasa mmoja kwa mara ya kwanza. MRI ilipofanywa, uvimbe ulikuwa pale pale alipokuwa ameelekeza.

*

Upasuaji ulifanyika, sehemu kubwa ikatolewa, na iliyobaki ikapigwa mionzi. Siku hizi madaktari wengi hukubaliana kwamba kung'oa kila kipande kwa nguvu kunaweza kumwacha mtoto kipofu, au akiwa na njaa isiyoisha kwa sababu ile sehemu inayosimamia njaa imeumizwa. Kwa hivyo mara nyingi huacha kidogo na kuendelea kukichunga.

Hapa pana sura ya historia ambayo kwa familia yetu ni muhimu kuliko kisu. Kabla ya miaka ya 1950, mgonjwa aliweza kutoka chumba cha upasuaji akiwa hai, kisha akafa siku chache baadaye kwa sababu pituitari haikuweza tena kuamuru mwili utengeneze homoni ya kukabili mshtuko. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na Edward Kendall walitumia kotisoni kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi. Wakapewa Nobel mwaka 1950. Dawa iliyotumika hapo kwa ajili ya viungo vya mwili ndiyo iliyowafanya watoto wenye uvimbe huu waweze kupasuliwa na kubaki hai. Kuhusu maji, dawa ya desmopresini ilitengenezwa Prague miaka ya 1960. Na homoni ya kurefusha mwili ina historia ya kutisha: kuanzia 1958 ilikuwa inatolewa kwenye pituitari za maiti, maelfu ya watoto wakarefuka, kisha mwaka 1985 ikagundulika kwamba baadhi yao walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa ubongo uliotoka kwa hizo maiti. Ikasimamishwa, na mwaka huo huo ile ya kutengenezwa maabara ikaidhinishwa Marekani.

Mdogo wangu anameza haidrokotisoni mara tatu kwa siku, ya tezi ya shingoni asubuhi, na desmopresini jioni. Ya kurefuka hapati; bei yake hatuiwezi. Mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, ulianza 1966 na ukafungwa, SHA ikaingia tarehe 1 Oktoba 2024. Katika hiyo miaka yote, bima yetu sisi ya kutegemewa imekuwa kundi la WhatsApp la familia, watu wa ushago na watu wa mtaa, mia mbili mia mbili kwa M-Pesa.

Haidrokotisoni haina siku ya kupumzika. Mtu wa kawaida akipata homa, mwili wake unaongeza homoni yenyewe. Mdogo wangu akipata homa, lazima mtu aongeze tembe kwa mkono, la sivyo presha inashuka, anapoteza fahamu, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Tarehe 7 Julai 2025, Saba Saba, barabara za kuingia jijini zilifungwa na Kangemi ikawa moshi na mawe. Tembe zilizobaki zilikuwa mbili, na kemisti tunayonunua iko mjini. Asubuhi hiyo alikuwa na homa. Nilitembea kwenda upande wa Uthiru kupitia vichochoro, nikiuliza kemisti moja baada ya nyingine. Ya nne walikuwa na predinisoloni, dawa ya ukoo huo huo. Daktari wake akanipa kipimo kwa simu. Usiku homa ilishuka.

Nilipokuwa natembea sikuwa nafikiria Vienna, bila shaka. Lakini nimefikiria tangu hapo. Kila jina nililolitaja hapo juu liko ndani ya ile tembe: aliyeona seli, aliyeuliza maswali, aliyepasua, aliyetengeneza dawa. Vyote vimefika Kangemi. Kinachochelewa kufika ni ile kazi ya kwanza kabisa, ya mtu mmoja kusikiliza mambo yote ya mtoto mmoja kwa kikao kimoja.

*

Sayansi haijasimama. Mwaka 2014 watafiti waligundua kwamba aina moja ya uvimbe huu, ambayo hupata zaidi watu wazima, ina badiliko la jeni linaloitwa BRAF. Mwaka 2023 wakachapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa 16 dawa mbili za kumeza zinazolenga badiliko hilo. Kwa 15 kati yao, uvimbe ulinywea vizuri. Aina ya watoto, ile ya chokaa na oili, bado haijapata dawa ya namna hiyo.

Lakini dalili za watoto haziko mbali wala hazihitaji dola. Kichwa kinachouma na kutapika, hasa asubuhi. Macho yasiyoona pembeni. Mwili uliosimama kukua. Kiu isiyoisha ilhali sukari iko sawa. Kila moja peke yake ina sababu mia za kawaida, na mara nyingi ndiyo hiyo ya kawaida. Mbili au tatu zikikutana kwa mtoto mmoja, zitaje zote kwa mtu mmoja, siku moja, hata kama umekuja kwa ajili ya miwani. Beba na kiatu kama inabidi.

Mdogo wangu sasa ana miaka 15, yuko gredi ya tisa, na ndiye mfupi kuliko wote darasani. Soka ameacha, amehamia drafti, na base ya pale stejini wanamjua kwa kuwalamba wazee. Mfukoni ana kadi niliyoiandika kwa mkono na kuifunika kwa selotepu: jina la dawa, kipimo cha kila siku, kipimo cha siku ya homa, na namba ya mathe. Chini kabisa ameongeza mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: "Nikianguka, usinipe maji kwanza. Soma hii."